Besi tatu nzito, zikikutana uzito unapotea

"Shikamoo dada. Natengeneza biti za Bongo Fleva zenye ladha ya amapiano, tempo 112, kwa programu ya FL Studio, chumbani kwangu Morogoro, na spika mbili za inchi 5. Besi yangu ina matabaka matatu: logi dramu (besi ya amapiano inayogonga kama mti) ya Fruity DX10, sabu (besi ya chini kabisa) ya 3x Osc, na Vital juu yake kwa ajili ya ukali, zote tatu ni sintesaiza za kompyuta. Kila tabaka nikilisikiliza peke yake ni zito. Nikiyafungua yote pamoja na kiki (ngoma nzito ya pigo), uzito unapotea. Halafu noti nyingine zinapiga, nyingine zinakufa, wakati velositi (nguvu ya kupiga noti) zote ni sawa. Rafiki yangu aliniambia niisogeze sabu nyuma kidogo ili ipishane na kiki. Nimesogeza, imekuwa mbaya zaidi. Nimepandisha 60 Hz kwenye ikwalaiza (kirekebisha masafa) mpaka spika zinatetemeka. Kwenye simu besi haisikiki kabisa. Tatizo ni spika, ni plagini za bure, au ni mimi? Na ninunue nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeeleza dalili moja moja, kwa sababu ugonjwa umejitaja wenyewe pale uliposema kila tabaka peke yake ni zito, yakikutana uzito unapotea. Spika mbovu isingefanya hivyo. Ingekunyima besi hata kwenye tabaka moja. Plagini za bure nazo hazina kosa. Wimbi la sine linalotoka kwenye 3x Osc ni lilelile linalotoka kwenye sintesaiza ya bei mbaya, kwa sababu sine ina umbo moja tu. Kinachokusumbua ni wakati. Matabaka yako yanasukuma hewa kwa nyakati zinazopishana, na mpishano wenyewe ni mdogo kiasi kwamba sikio halikuambii "huyu kachelewa". Linakuambia "besi ni dhaifu". Ndiyo maana umekimbilia ikwalaiza, na ndiyo maana ikwalaiza haijakusaidia.

Usinunue kitu kwanza. Na ile 60 Hz uliyoipandisha, irudishe sifuri kabla hujaendelea kusoma.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma anapoondoka, anapaa. Ukimsukuma kwa nguvu ileile wakati anarudi kwako, unamsimamisha. Koni ya spika ndivyo ilivyo. Noti ya 50 Hz maana yake koni inakwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20: kumi za kusukuma, kumi za kuvuta. Sabu yako ikianza sasa, na logi dramu ikaanza milisekunde 10 baadaye kwa ukubwa uleule, basi moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Koni haiwezi kwenda pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo inakaa palepale. Mafundi tunasema mawimbi yamepingana fezi. Fezi hapa ni nafasi ya wimbi ndani ya mzunguko wake: liko kileleni, liko bondeni, au liko njiani.

Kati ya kuungana kabisa na kufutana kabisa kuna ngazi, na ni vizuri uzijue kwa namba. Mawimbi mawili ya ukubwa sawa yakikutana kilele kwa kilele, unapata ongezeko la desibeli 6. Yakipishana robo ya mzunguko, ongezeko linabaki desibeli 3. Yakipishana theluthi hupati kitu: besi mbili zinalia kwa ukubwa wa besi moja. Kuanzia hapo kila ukiongeza mpishano unapoteza, mpaka kwenye nusu ya mzunguko ambako panabaki kimya. Sasa unaelewa kwa nini 60 Hz haikufanya kazi. Kilichofutika ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa kumi ni sifuri. Ulichopandisha ni masalio na tumbo la kiki, vitu ambavyo havikuwa na tatizo, na ndivyo vinavyotetemesha spika zako.

Twende kwa rafiki yako. Alikushauri kwa nia njema, ila tuangalie "kidogo" ni kiasi gani. FL Studio kwa kawaida inagawa kila pigo vipande 96. Kwa tempo 112 pigo moja lina milisekunde 536, kwa hiyo kipande kimoja, ile hatua ndogo kabisa kwenye pianoroli (ukurasa wa kupanga noti), ni takriban milisekunde 5.6. Ukisogeza sabu hatua moja, umeshavuka robo ya mzunguko wa 50 Hz. Hatua mbili ni milisekunde 11, umeivuka nusu. Yaani ulichukua matabaka yaliyokuwa yanapingana kidogo ukayafanya yapingane vibaya, kwa kusogeza kitu ambacho jicho linakiona kama unywele. Kupishanisha besi na kiki ni jambo halali na nitalifikia, lakini halifanywi kwa kusogeza tabaka moja na kuyaacha mengine yalipo.

Sasa noti zinazokufa. Hili linawachosha watu wengi, kwa sababu kwenye pianoroli kila kitu kiko sawa: velositi moja, urefu mmoja, gridi moja. Fanya jaribio hili leo. Weka noti nane za A ya chini, ile ya 55 Hz, zifuatane kwenye tabaka la Vital peke yake, kisha ziprinti ziwe faili la sauti. Livute faili karibu kabisa mpaka uone mstari wa wimbi ukipanda na kushuka, halafu tazama mwanzo wa kila noti. Ya kwanza utaikuta inaanza kwa kupanda. Ya pili inaanza ikiwa tayari iko bondeni. Ya tatu inaanzia katikati ikishuka. Noti nane, mianzo minane. Osileta za Vital, yaani vizalisha mawimbi vyake, kama za sintesaiza nyingi za sasa, zimepangwa kuanzia mahali pa kubahatisha kila unapobonyeza noti. Walifanya hivyo kwa sababu nzuri: sintesaiza za zamani zilikuwa na osileta zinazozunguka muda wote bila kungoja kidole, na hali hiyo hufanya kodi (noti kadhaa kwa pamoja) na sauti za kutandaza ziwe hai. Kwa besi ya matabaka ni balaa. Kila noti ya Vital inakutana na sabu kwa fezi ya bahati nasibu: hii inaungana nayo, hii inaifuta, hii iko kati. Velositi haihusiki hata kidogo.

Dawa yake haina gharama. Kwenye kila osileta ya Vital kuna sehemu ya fezi, na pembeni yake kiwango cha kubahatisha fezi hiyo kwa asilimia, kipeleke sifuri. Kwenye 3x Osc kuna kitufe cha kuzungusha cha kazi hiyohiyo. Hakikisha nacho kiko sifuri. Printi noti nane upya. Safari hii zinatakiwa kufanana kama pacha. Kama bado hazifanani, angalia kama umewasha yunisoni (nakala kadhaa za sauti moja zikilia pamoja), au kama tabaka moja limetuniwa pembeni. Tofauti ya senti 7 tu, yaani sehemu 7 kati ya 100 za nusutoni, kwenye 55 Hz inafanya mawimbi yaachane taratibu na kukutana tena kila baada ya sekunde nne na nusu. Kwa tempo yako baa moja ni sekunde mbili na kidogo. Maana yake noti ya baa nzima inaanza nzito na inamalizika imekufa, na wewe utadhani ni kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa). Yunisoni na ditiuni (kutuni pembeni) viache kwenye masafa ya juu. Chini ya 120 Hz hivi sitaki kuviona.

Nikae kidogo kwenye logi dramu, kwa sababu ndiyo roho ya biti yako na ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote. DX10 inatengeneza sauti kwa njia ya FM, ambayo John Chowning aliigundua pale Stanford miaka ya 1960 na ikaja kufika mikononi mwa watu wengi kupitia kinanda cha Yamaha DX7 mwaka 1983. Katika FM osileta moja inayumbisha masafa ya nyingine kwa kasi kubwa, na kuyumba huko ndiko kunakozaa ile sauti ya mti unaogongwa. Muyumbisho ukiisha haraka, mwanzo unakuwa mkali na mkia unabaki mviringo, karibu sine tupu. Soma hiyo sentensi tena: mkia wa logi dramu ni karibu sine tupu. Maana yake logi dramu tayari ina sabu yake ndani. Ukaongeza ya 3x Osc. Na Vital kama hujaikata chini, nayo ina yake. Una besi za chini tatu, na kiki ya nne, zote zinagombea chini ya 100 Hz.

Isitoshe, logi dramu nyingi zina mdondoko wa toni mwanzoni. Toni inaanza juu kidogo na kushuka hadi kwenye noti yenyewe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sabu yako imesimama kwenye 55 Hz tangu mwanzo. Wakati logi dramu inashuka kuifuata, mawimbi hayo mawili yanaungana na kuachana mara kadhaa kabla hayajatulia. Hapo hakuna milisekunde utakayosogeza ikayapatanisha, kwa sababu si kuchelewa, ni mwendo tofauti. Vilevile kwenye slaidi: logi dramu ikiteleza kutoka noti hadi noti na sabu ikaruka, kwa muda wa kuteleza una noti mbili jirani zinazopigana.

Kwa hiyo kabla ya kupatanisha wakati, chagua mwenye nyumba wa chini. Ningekuwa kwenye kiti chako ningeifuta sabu ya 3x Osc na kuiacha logi dramu ishike chini peke yake. Besi ya namna hii inavutia kwa sababu ngozi na tumbo la ngoma ni kitu kimoja, na ukivitenganisha unasikia. Hasara yake ni kwamba noti hazitakuwa na uzito sawa. Ukishuka hadi E ya 41 Hz spika ndogo zinaiacha, na sauti ya FM inabadilika tabia kadiri unavyopanda na kushuka kwenye kinanda. Njia ya pili ni kuikata logi dramu chini ya 100 Hz hivi na kuipa sabu ukanda huo. Unapata chini iliyonyooka na inayotabirika, na kwa wimbo ambao mwimbaji ndiye anayebeba kila kitu hiyo ni njia salama zaidi, ila logi dramu inapoteza kifua. Ipo ya tatu, ambayo naipenda kwa noti ndefu: mpe sabu ataki (muda wa sauti kupanda mwanzoni) ya milisekunde 60 hadi 80, ili kishindo cha logi dramu na mdondoko wake vipite kwanza, kisha sabu iingie chini ya mkia unaofifia. Hapo kuchelewa kuna kazi maalumu, nadhani ndicho alichokisikia rafiki yako mahali fulani. Lakini inataka noti iwe na urefu. Kwenye noti fupi sabu inafika ngoma imeisha. Wanaofanya singeli wanalijua hili vizuri kuliko mimi: kwa tempo 240 robo ya pigo ni milisekunde 62.5, muda wa mizunguko mitatu tu ya 50 Hz, kwa hiyo besi ya chini pale haiwahi hata kuwa noti. Inabaki kishindo tu, na wao wanaitumia hivyohivyo.

Ukiamua kukata kwa filta, ujue filta nazo zinasogeza fezi. Ukiigawa sauti moja sehemu mbili kwa filta za kawaida zenye mteremko wa desibeli 12 kwa oktava, moja ikipitisha chini na nyingine ikipitisha juu, pale zinapokutana zinakuwa zimepishana nusu mzunguko. Shimo. Umekata kwa 100 Hz ili kusafisha, na umechimba shimo kwenye 100 Hz hiyohiyo. Kwa mgawanyo huo unageuza polariti ya sehemu moja (kusukuma kuwe kuvuta), au unatumia mteremko wa desibeli 24 wa aina ya Linkwitz-Riley, uliobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya spika za njia mbili, ambao pande zake zinakutana zikiwa na fezi moja. Kwako ambako matabaka ni sintesaiza tofauti, fezi za mwanzo nazo zina neno lake, kwa hiyo usishike kanuni kwa kichwa. Jaribu pande zote mbili na sikiliza. Ikwalaiza za fezi nyoofu haziliondoi tatizo bure: zinachelewesha sauti, na zinaweka kivuli kidogo kabla ya kishindo, kitu ambacho kinaiharibu kiki haraka sana.

Sasa kupatanisha kwenyewe. Weka kila tabaka kwenye chaneli yake ya mikisa (meza ya kuchanganyia sauti). Weka noti moja ndefu ya A. Washa matabaka mawili tu, yaweke ukubwa sawa, na weka mikisa kuu kwenye mono, yaani kulia na kushoto viunganishwe. Kwenye kila chaneli ya mikisa ya FL Studio kuna kitufe cha kugeuza polariti. Kibonye kwenye tabaka moja, sikiliza, kiachie, sikiliza. Upande wenye chini nzito zaidi ndio wako. Kama tofauti ni ndogo sana, ina maana uko karibu na robo ya mzunguko, mahali ambapo kugeuza hakukupi wala hakukunyimi. Hapo ndipo unapotumia kusogeza, na usisogeze noti kwenye pianoroli kwa sababu hatua zake ni kubwa mno, kama tulivyoona. Tumia ucheleweshaji wa chaneli ya mikisa kwa milisekunde, au zungusha fezi ya mwanzo ya osileta yenyewe. Njia ya haraka kuliko zote ni kutafuta kinyume: geuza polariti, sogeza mpaka besi ipotee kabisa, kisha irudishe polariti. Sikio linasikia kimya kwa usahihi kuliko linavyosikia uzito. Ukimaliza, jaribu noti nyingine nne tano za wimbo. Kuchelewesha kunampa kila noti fezi yake, hivyo kinachofaa A hakifai E kwa kiwango kilekile. Tafuta wastani unaozifaa noti zinazopigwa zaidi.

Angalia pia kama kuna plagini inayochelewesha chaneli moja. FL Studio inafidia yenyewe, ila fidia inaweza kuzimwa, na plagini nyingine za zamani hutaja muda usio wa kweli. Sampo 512 kwenye kiwango cha 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 11.6. Umeshaijua namba hiyo inafanya nini kwa 50 Hz.

Mpaka hapa tumeongelea nguvu. Mdundo ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Sikio linapokea "lini" kutoka juu, na "kiasi gani" kutoka chini. Ule mlio wa kugonga wa logi dramu kwenye 1,000 au 2,000 Hz unafika na kueleweka ndani ya milisekunde chache. Wimbi la 50 Hz linahitaji mizunguko kadhaa kabla hujajua hata ni noti gani. Kwa hiyo ukitaka besi ikae nyuma kidogo ya mdundo, ule ulegevu mtamu wa amapiano, hakuna maana ya kuisogeza sabu; sogeza matabaka yote kwa pamoja, milisekunde 10 hadi 20 nyuma ya gridi, na yabaki yameshikana. Tumia chaneli ya Layer, ili noti zote zitoke kwenye pianoroli moja na usiwe na nakala tatu za kurekebisha. Na angalia swingi, yaani kuchelewesha kidogo noti za kati ya mapigo. FL Studio inaruhusu kila chaneli iwe na kiwango chake cha swingi. Tabaka moja likiwa na swingi na jingine halina, noti za kati ya mapigo zote zitaachana na zile za kwenye pigo zitakuwa salama, na utakuja kuniandikia tena kwamba noti nyingine zinakufa. Sabu iwe na ataki ya milisekunde 3 hadi 5 kuzuia mlio wa "tk" mwanzoni. Sikio halitasikia imechelewa.

Kiki ni rahisi ukishafika hapa. Usiisogeze besi, ishushe sauti. Saidicheni inayoshusha besi kiki inapopiga na kuirudisha ndani ya milisekunde 80 hadi 120 inatosha kwa tempo yako, kwa sababu robo ya pigo ina milisekunde 134 na besi itakuwa imerudi kabla ya noti inayofuata. Ukiweka rilisi (muda wa kuirudisha sauti) fupi kuliko milisekunde 20, kompresa itaanza kufuata wimbi lenyewe badala ya pigo, na utasikia besi inakwaruza. Kama kiki na logi dramu hazipigi pamoja mara nyingi, na kwenye amapiano ndivyo ilivyo mara kwa mara, huenda huhitaji saidicheni kabisa. Sikiliza kwanza.

Kuhusu simu: spika yake ndogo haitoi karibu chochote chini ya 200 Hz, wala haitatoa. Lakini ubongo una zawadi. Ukisikia 220, 275, 330, 385 na 440 Hz kwa pamoja, ubongo unajaza 55 Hz ambayo haipo, kwa sababu nafasi kati ya namba hizo ni 55. Masafa hayo ya juu huitwa hamoniki. Kwa hiyo besi ya simu ni hamoniki. Hapa ndipo Vital yako inapopata kazi yake halisi: ikate chini ya 150 Hz, ipe wimbi lenye hamoniki nyingi kama la jino la msumeno, ichubue kidogo kwa distoshoni, iwe ndogo tu, mpaka uisikie kwenye simu bila kuisikia kama chombo kipya kwenye spika.

Na mono isiwe jambo la kujaribu siku ya mwisho. Niliwahi kupeleka wimbo kwenye harusi, Temeke, nikiwa na uhakika nao kama jina langu. Sabu nilikuwa nimeipanua sterio ili hedifoni zijae. Mitambo ya ukumbi ilikuwa inaunganisha kulia na kushoto kabla ya kupeleka kwenye masabufa. Nilisimama pembeni ya boksi, nikaweka kiganja kwenye wavu, na kiganja hakikusikia kitu. Kiki ilikuwa inapita, besi haipo. Watu walicheza kwa ustaarabu tu. Tangu siku hiyo kila kilicho chini ya 120 Hz kwangu kiko katikati, na mono naiwasha kabla sijagusa ikwalaiza.

Chumba chako kinaweza kukudanganya hata ukifanya haya yote. Kuta mbili zilizoachana mita 3.5 zinajenga wimbi linalosimama la takriban 50 Hz, na katikati ya kuta hizo, mahali ambapo watu wengi wanaweka kiti, 50 Hz inapotea. Cheza noti ndefu, inuka, tembea polepole kuelekea ukutani. Kama besi inavimba kadiri unavyokaribia ukuta, kiti chako kiko shimoni. Sogeza kiti kiwe kama theluthi ya chumba kutoka ukuta wa mbele, usogeze spika, na ukague kwa hedifoni. Sauti pia isiwe kubwa: tangu kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio linapunguza besi sauti ikiwa ndogo na kuiongeza ikiwa kubwa, hivyo weka kiwango kimoja, na linganisha na wimbo unaoujua ukiwa kwenye kiwango hichohicho.

Umeuliza ununue nini. Hedifoni za waya zilizo wazi nyuma, kama huna. Si za Bluetooth, kwa sababu zinachelewesha na nyingi zinapaka besi rangi yake. Sabufa usinunue kwa chumba hicho. Itaongeza tatizo la kuta. Pesa iliyobaki ilipie saa mbili za studio yenye chumba kilichotulizwa, nenda na projekti yenyewe, siyo na MP3, ukae na fundi afungue tabaka moja moja mbele yako. Fanya hivyo ukiwa umemaliza jaribio la noti nane na bado kuna noti mbili tatu zinazokushinda. Usimpelekee mtu wa masteringi (hatua ya mwisho ya kukamilisha wimbo) akurekebishie. Akishapokea faili moja, kilichofutana hakirudi.

Kuna mambo mawili ambayo hayangoji wimbo. Spika zikiunguruma bila muziki, huo ni umeme, nao wa kwetu ni 50 Hz, jirani kabisa na G ya 49 Hz, utakukoroga masikio. Kama mngurumo huo unaambatana na kupigwa shoti ndogo ukigusa kompyuta au spika, zima na umwite fundi umeme akague waya wa ardhini (ethi). La pili ni masikio. Umesema spika zinatetemeka chumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda saa hizo zinapungua haraka. Kama usiku ukilala unasikia mlio masikioni, au asubuhi sauti zinakuja kama zimefunikwa pamba, nenda ukapimwe kwa daktari wa masikio, pua na koo pale hospitali ya mkoa, na usiguse miksi mpaka umepimwa.